Picha tano au kitabu kizima? Kwa mchoraji anayetaka kuingia shindano la vitabu vya watoto

Juzi jioni mdogo wangu mmoja, kijana wa hapa hapa Bagamoyo anayechora vizuri mno, alikuja barazani kwangu na daftari lake kwapani, hata shikamoo haijaisha anasema dada mwaka huu naingia shindano la picha za vitabu vya watoto, niambie niingie lipi maana nimeona yako mengi. Nikamjibu juujuu tu, ingia lolote, akaaga akaenda zake. Usiku lile jibu likanisumbua. Kijana ana kibarua cha mchana, hela yake ya karatasi ni ya kuhesabu, miezi yenyewe michache, akichagua vibaya anapoteza mwaka mzima wa kuchora. Kwa hiyo naandika hapa nilichotakiwa kumwambia siku ile, na wengine wenye swali hilo hilo wachukue.

Kwanza tuelewane, ukisikia shindano la picha za vitabu vya watoto usidhani ni kitu kimoja. Kuna yanayotaka picha chache tu zenye uhusiano, hawaulizi hadithi iko wapi wala nani kaiandika. Kuna yanayotaka kitabu kizima, mwanzo mpaka mwisho, na maneno yake. Alafu kuna yale ya vitabu ambavyo tayari vimechapishwa, kama ile Biennale ya Bratislava kule Slovakia ambayo ipo tangu 1967 na hufanyika kila baada ya miaka miwili, hiyo ni ya mtu ambaye picha zake zimeshatoka kitabuni, kwa hiyo kama huna kitabu weka pembeni kwanza usije ukajichosha kusoma masharti yake. Na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania wengi wananiuliza, ile ni ya uandishi bunifu, mchoraji huingii na michoro yako pale, labda uwe mwandishi pia.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni kati ya hizo mbili za mwanzo, picha chache au kitabu kizima.

Ya picha chache mfano wake mkubwa ni Bologna, Italia. Pale kuna maonyesho ya vitabu vya watoto yaliyoanza 1964, na ndani yake kuna Maonyesho ya Wachoraji ambayo yalianza 1967. Unatuma picha tano, zote za mada moja, majaji wanapitia kazi za maelfu ya watu kutoka dunia nzima na wanaochaguliwa ni wachache, chini ya mia. Ukichaguliwa picha zako zinatundikwa pale wanapopita wachapishaji wa vitabu vya watoto, zinaingia kwenye kitabu cha mwaka huo, na maonyesho yenyewe husafiri mpaka Japani. Korea Kusini nao wana Nami Concours, ilianza 2013, kila baada ya miaka miwili, nayo inapokea mfululizo wa picha za kitabu cha watoto. Na kwa sisi Waafrika kuna Golden Baobab ya Ghana, ilianza 2008 kwa waandishi wa hadithi za watoto na baadae wakaongeza wachoraji, hii ni ya Waafrika peke yetu kwa hiyo hata foleni yake ni nyingine kabisa.

Ya kitabu kizima mfano ni tuzo ya Compostela kule Hispania, ipo tangu 2008, wanataka kitabu cha picha kilichokamilika, maneno na michoro. Lakini angalia, maneno wanayataka kwa lugha za huko kwao, Kihispania, Kireno, Kigalisia na wenzao, kwa hiyo Mswahili unaanza na kazi ya kutafuta mtafsiri kabla hata hujashika brashi. Na mtafsiri wa hadithi ya watoto sio mtu yeyote anayejua lugha, hadithi ya watoto ina mdundo, ukiupoteza mdundo umepoteza nusu ya kitabu.

Sasa tuje kwenye muda maana hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Mi nikifanya kazi jioni baada ya shughuli zangu, picha moja iliyokamilika kweli kweli inanila wiki mbili, hapo nahesabu michoro ya penseli ya mwanzo, majaribio ya rangi, na ile picha moja ambayo lazima itaharibika. Picha tano ni wiki kumi. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32, na sababu yake ni ya kiwandani, karatasi kubwa moja ya mtamboni ikikunjwa inatoa kurasa 8, 16, 32, ndio maana vitabu vya watoto havina kurasa 27. Ukitoa ukurasa wa jina, ukurasa wa hakimiliki na vitu vidogo vidogo unabaki na kama picha 14 za kurasa mbili zinazotazamana. Wiki mbili mara 14 ni wiki 28, yaani zaidi ya nusu mwaka, na hapo hujaumwa, hujapata msiba, umeme haujakatika, na hujabadilisha mawazo kuhusu ukurasa wa tisa. Kuna mashindano ya kitabu kizima yanayokubali dami ya penseli, yaani kitabu cha mfano unachokikunja mwenyewe, na picha mbili tatu tu zilizomalizwa rangi, hayo ni nafuu kubwa, lakini dami yenyewe sio kitu cha kuchora Jumapili moja, ni kukata karatasi, kuikunja iwe kitabu, kuchora vijipicha, kumsomea mtoto, kuona mtoto anageukia wapi macho, kurudi kuvunja na kuanza upya.

Hapo mtu atasema basi picha tano ni rahisi. Hapana. Ni chache, sio rahisi, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia mwenyewe.

Mara ya kwanza kuingia shindano la picha tano nilichora picha tano nzuri sana. Mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe. Mashua imepaki mchangani maji yamekupwa. Bibi na kanga yake anakaanga vitumbua. Watoto wanacheza bao chini ya mwembe. Magofu ya Kaole na mibuyu. Kila moja peke yake ungeinunua ukaitundika sebuleni. Sikuchaguliwa, na nilikaa miezi sielewi kwa nini, mpaka siku moja nikazipanga zote tano sakafuni nikamwita mtoto wa jirani, ana miaka kama sita, nikamwambia niambie kinachotokea. Akaangalia, akaangalia, akasema hapa kuna mlango, hapa kuna bibi. Basi. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimetuma kadi za kuuzia watalii, majaji walikuwa wanatafuta hadithi.

Picha tano za shindano ni kama kunyofoa kurasa tano za kitabu ambacho hakipo bado, lakini anayeziona lazima aamini kwamba kipo. Yaani mhusika ni yule yule, anataka kitu, kuna kinachomzuia, na kati ya picha ya pili na ya tatu kuna jambo limetokea ambalo hujalichora ila mtoto analijua. Sasa hivi nachora kasichana kanakotafuta kaa mmoja aliyemuibia kijiko chake ufukweni. Picha ya kwanza kaa yuko kona ya chini kabisa, ni jicho tu linachungulia kutoka kwenye shimo. Ya pili maji yanajaa na mashimo yote yamefunikwa, kasichana kamesimama kameshika kiuno. Ukiona hizo mbili tu unataka ya tatu, na hicho ndicho majaji wanakitafuta kwa mchoraji, uwezo wa kumfanya mtu afungue ukurasa.

Na mhusika kuwa yule yule ni kazi kuliko watu wanavyodhani. Nilichora kale kasichana mara tano nikaweka picha pamoja, masikio matatu tofauti, nywele za picha ya nne zimesukwa mistari sita na za picha ya kwanza mistari minne, na shingo imerefuka kama kamekua miaka miwili ndani ya hadithi ya siku moja. Ikabidi nichore karatasi moja ya kumjua tu, mbele, nyuma, ubavu, akikaa, akikimbia, akilia, na vipimo vyake pembeni, kichwa kinaingia mara nne kwenye mwili wake, mkono unafika hapa, gauni lina mifuko miwili. Hiyo karatasi iko ukutani mpaka leo na haitumwi kokote. Kwenye kitabu kizima kazi hii ni ile ile ila unaibeba mara 14, ndio maana mi namwambia mtu ambaye hajawahi kushika mhusika mmoja kwa picha tano asianze na 14.

Kama unaona mikao ya watu inakushinda, sisi wa Bagamoyo tuna bahati ambayo tunaisahau. Chuo cha sanaa kipo hapa tangu 1981, siku hizi ndio TaSUBa, watu wanafanya mazoezi ya ngoma na maigizo, ukipata ruhusa ukakaa pembeni na penseli saa moja unaondoka na mikao arobaini ya mwili unaofanya kitu, sio mwili uliosimama unasubiri kuchorwa. Na ukiwahi asubuhi mashua zinapoingia kule ufukweni kwenye samaki utapata migongo, mikono inayovuta kamba, watu wanaoinama. Kitabu cha watoto kinaishi kwa mikao, mtoto asiyejua kusoma anasoma mabega ya mhusika.

Kitabu kizima nacho kina faida yake ambayo picha tano hazina, na nitakuwa sijasema kweli nikiificha. Ukimaliza dami ya kitabu, hata usiposhinda, una kitu mkononi cha kumpelekea mchapishaji yeyote, hapa nyumbani au nje. Picha tano ukikosa zinabaki sampuli, nzuri lakini sampuli. Tena kitabu kinakufundisha vitu ambavyo picha tano hazitakufundisha hata ukirudia miaka kumi, mfano mwendo, wapi hadithi iende haraka na wapi ukurasa unyamaze, wapi picha ijae mpaka pembeni na wapi uache peupe. Na ule mkunjo wa katikati! Nilishawahi kuweka uso wa mhusika katikati kabisa ya kurasa mbili, kwenye karatasi iliyonyooka ulikuwa unapendeza, nilipokunja dami pua yote ikaingia kwenye mkunjo, mtoto akabaki na macho mawili yanayotazamana. Hilo huwezi kuligundua mpaka ukunje karatasi na mkono wako mwenyewe.

Na hapo kuna swali la maneno. Kama we ni mchoraji tu na sio mwandishi, kitabu kizima kinakudai mwandishi, na mwandishi ni mtu, ana ratiba yake, ana mawazo yake kuhusu kaa awe na rangi gani. Kuna urafiki mzuri umezaliwa hivyo na kuna urafiki umekufa hivyo. Kama mtaingia wawili andikeni kabla ya kuanza, hata karatasi moja ya daftari, nani anamiliki nini na zawadi inagawanywaje, msingojee ushindi ndio mkae kikao.

Tuongelee hela kidogo. Karatasi ya rangi za maji inayofaa ni ile nzito ya gramu 300, nyepesi zaidi ya hapo inajikunja kama chapati, na huku kwetu pwani unyevu hauna huruma hasa masika, karatasi inavuta maji ya hewani hata hujaigusa na brashi. Mi nabandika karatasi kwenye ubao wa plaiwudi pembe zote nne kwa tepu ya karatasi kabla ya kupaka, na siitoi mpaka ikauke kabisa, na zikiisha natunza bapa ndani ya nailoni katikati ya mbao mbili, sio kuviringisha. Kwa picha tano nanunua karatasi kumi. Kwa kitabu ningenunua thelathini. Ukijumlisha na nauli ya kwenda Dar kutafuta rangi, maana ni kilomita kama 70 na huwezi kuagiza mtu akuchagulie bluu, unaona mwenyewe tofauti.

Wengi wetu hapa tumelelewa na Tingatinga, na mi naipenda kwa moyo wote, toka mzee Edward Saidi Tingatinga alivyoanza miaka ya sitini pale Dar mpaka alipofariki 1972 na wenzake wakaendeleza, rangi ya kung'aa juu ya ubao. Ile rangi kwenye kitabu cha watoto inapendeza, wala usiiache eti kwa sababu ni ya kuuzia watalii. Ila kwa shindano ina mambo mawili ya kujua. Ubao hauingii kwenye skana, na rangi ya mafuta inang'aa kwa hiyo ukiipiga picha unapata mwanga mweupe katikati ya twiga. Ipeleke nje kwenye kivuli, asubuhi, bila flashi, simu iwe sambamba na ubao usiinamishe, piga nyingi uchague. Na kama shindano linataka picha halisi zitumwe baadae, mbao tano unaweza kuzisafirisha kwa shida, mbao 14 ni mzigo.

Skana nayo ina ukorofi wake. Nilipeleka kazi kwenye stationari moja kuskaniwa, mchanga wa ufukweni nilikuwa nimeupaka njano hafifu sana, ule mchanga wa saa mbili asubuhi, faili lilivyotoka mchanga wote ni mweupe pe, kasichana kanaelea hewani. Mashine ilikuwa imewekewa mipangilio ya nyaraka, inafuta kila kitu hafifu ili barua zisomeke. Nilikuwa nimeshalipa na tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake. Kwa hiyo ukienda mwambie anayeskani kwamba ni picha ya rangi sio barua, azime usafishaji wote, aweke 300 dipiai (nukta kwa kila inchi) au zaidi, na usiondoke pale mpaka umefungua faili kwenye kioo ukalinganisha na karatasi. Na usiende siku ya mwisho.

Kuhusu mkono au tableti, naona watu wanagombana bure. Mashindano mengi yanapokea zote. Tableti inakupa kurekebisha sikio la picha ya nne bila kuchora upya, kwa kitabu kizima hilo ni jambo kubwa sana, kwa picha tano sio kubwa kiasi hicho. Mkono unakupa picha halisi ya kuuza au kuonyesha hata ukikosa. Tahadhari moja kwa wa tableti, ile bluu ya bahari yetu, ile inayokaribia kijani mchana maji yakijaa, kwenye kioo inawaka lakini wino wa kuchapia hauifikii, ukichapwa kitabu inafifia, kwa hiyo jaribu kuchapa ukurasa mmoja uone kabla hujaijenga hadithi nzima juu ya rangi ambayo karatasi haiwezi kuishika. Na akili mnemba iache kabisa, mashindano mengi sasa yanakataza, tunza michoro yako ya penseli yote, ukiulizwa uliichoraje unaonyesha.

Haki zako. Hili ni moja kwa aina zote mbili ila uzito haulingani. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inakulinda toka pale unapomaliza kuchora, hata hujasajili, na ulinzi unaenda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kusajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kunakusaidia kama ushahidi. Sasa masharti ya shindano yasome mstari kwa mstari hata kama Kiingereza chake ni kizito, tafuta mtu akusomee. Kuna sentensi inayosema waandaaji wanaruhusiwa kuonyesha picha zako kwenye maonyesho na kitabu chao na matangazo ya shindano, hiyo ni kawaida, kubali. Kuna sentensi nyingine inayosema kazi zote zilizotumwa, zilizotumwa sio zilizoshinda, zinakuwa mali ya waandaaji. Ukiiona hiyo funga ukurasa. Kwa picha tano ungepoteza picha tano, kwa kitabu kizima ungepoteza hadithi, mhusika, na nusu mwaka wa maisha yako kwa watu ambao hata hawajakupa zawadi. Na kwenye kitabu kizima angalia zawadi ni nini hasa, maana mara nyingi ile hela ni malipo ya awali ya mauzo, yaani wanakulipa mapema sehemu yako ya vitabu vitakavyouzwa. Sio vibaya, ila ujue kwamba malipo mengine hayaji mpaka vitabu viuze kupita kiasi hicho.

Kitu kingine kidogo lakini kinaua watu, saa. Tarehe ya mwisho inaandikwa kwa saa za kwao. Ghana wako nyuma yetu saa tatu, saa sita usiku ya Accra sisi ni saa tisa usiku. Italia wakati wa baridi wako nyuma saa mbili. Hao wanakuongezea muda. Korea wako mbele yetu saa sita, kwa hiyo saa sita usiku yao ni saa kumi na mbili jioni yetu, we unasema ntatuma usiku nikitoka kazini kumbe mlango umefungwa jua bado linazama. Na kama kuna ada ya kuingia hakikisha kadi yako ya kwenye simu inapita malipo ya nje wiki moja kabla, usijaribu dakika za mwisho.

Haya, sasa kuchagua.

Kama hujawahi kuingia shindano lolote, una jioni tu za kufanyia kazi, na huna hadithi iliyokomaa, nenda picha tano. Anza na la Afrika kama limefunguliwa kwa sababu majaji hutahitaji kuwaeleza kanga ni nini, na picha zile zile, kama masharti yote mawili yanaruhusu, unaweza kuzipeleka Bologna pia, maana kule wanapokea hata zilizokwishachapishwa. Hilo ndilo zuri kubwa la picha tano, kazi moja inagonga milango zaidi ya mmoja. Na ukiwa bado huna miaka 35 Bologna ina tuzo yake ya pembeni na taasisi ya Fundación SM ya Hispania kwa vijana waliochaguliwa kwenye maonyesho, mshindi anatengeneza kitabu nao, kwa hiyo unaweza kufika kwenye kitabu kizima kwa kupitia picha tano.

Kama una hadithi ambayo umeshawasimulia watoto mara nyingi na unajua wanachekea wapi na wananyamaza wapi, na mwaka wako una nafasi, basi usiikate vipande vitano. Ifanye kitabu. Nawajua watu wenye hadithi za aina hiyo walizopewa na bibi zao na nikiwaona wanachora picha tano tano kila mwaka roho inaniuma. Tafuta shindano la kitabu kizima linalopokea dami, tena lugha yake uwe unaiweza au una mtu wa kuaminika, na hata likikosekana tengeneza dami yako uende nayo kwa wachapishaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Na kama umepewa hadithi ya mtu mwingine uichoree, kuna mashindano yanafanya hivyo, ni njia nzuri ya katikati kwa sababu mzigo wa hadithi haupo kwako, lakini soma hadithi mara kumi kabla ya kushika penseli na uchore ambacho maneno hayakusema. Maneno yakisema mtoto alilia, usichore machozi peke yake, chora yule paka aliyeacha kula akamgeukia.

Kijana wangu nimemwita tena jana. Nilimweleza yote haya akiwa amekaa pale pale barazani, akafungua daftari, akanionyesha kitu ambacho siku ile sikukiangalia vizuri, michoro ya babu fundi wa mashua na mjukuu wake anayeogopa maji. Nikamuuliza hii hadithi umemsimulia nani, akasema hajamsimulia mtu, iko kichwani tu, mwisho wake hajaujua. Basi nikamwambia picha tano. Amechagua babu anachonga, mjukuu yuko juu ya mwembe anaangalia kwa mbali, mashua inashushwa, mjukuu hayupo kwenye picha kabisa, na ya mwisho bado. Ile ya nne ambayo mtoto hayupo ilinishtua, nilimtafuta kila kona ya karatasi mpaka nikaona kandambili moja ndogo ndani ya mashua. Karatasi kumi ameshanunua. Mikono ya yule babu ndio bado inamshinda, vidole vinatoka vya mtu asiyewahi kushika tezo, kwa hiyo Jumamosi asubuhi tunakwenda wanakotengeneza mashua, yeye na penseli zake na mimi na zangu.